Bwawa la Mama Mkwe Lilipogeuka Kijani

Mama mkwe wangu aliuamini moto kuliko dawa. Nilipoolewa nyumbani kwake, somo la kwanza alilonipa halikuwa la kupika sombe, yaani majani ya muhogo, wala la kupokea wageni wa Jumapili. Lilikuwa la kuchemsha maji ya kunywa. Alinisimamisha kando ya sufuria kama mwanafunzi, mimi niliyekuwa tayari nafundisha biolojia kwenye shule ya sekondari katikati ya mji.

"Usiitoe pale inaanza kuimba," aliniambia. "Kuimba haiko kuchemuka. Ngoja ipige makofi. Ikipiga makofi, sali Salamu Maria kumi. Njo utoe."

Alikuwa amelea watoto tisa kwa njia hiyo, na hata mmoja hakuwahi kulazwa kwa ajili ya tumbo, hata ile miaka kipindupindu kilipopita mtaa baada ya mtaa. "Moto haidanganyake muntu," alipenda kusema. Sikubishana naye. Kwanza alikuwa mama mkwe. Pili, vitabu vyangu vilisema vilevile.

Tuliishi naye kwa sababu mume wangu alifanya kazi Mokambo, mpakani, kushughulikia karatasi za malori, na nyumbani alikuja Jumamosi tu. Nyumba ya wazazi wake iko nje kidogo ya Lubumbashi, upande wa barabara inayokwenda Kasomeno na Kasenga, mahali ambapo bomba la mji bado halijafika. Nyuma ya nyumba ardhi inashuka, na kati ya mawe inatoka chemchemi. Maji yake yanatoka chini ya miamba, ya baridi, na hayajawahi kukauka hata mwaka mmoja. Tulikuwa watu sita pale: wazee wawili, mimi, mapacha wangu wa miaka sita, na siku za Jumamosi mume wangu. Tangu nizae mapacha hakuna aliyeniita kwa jina langu tena. Nilikuwa Mama Mapasa, na kusema kweli cheo hicho nilikipenda.

Bwawa lilijengwa na baba mkwe. Alikuwa mtu wa reli maisha yake yote, kama baba yake kabla yake, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Mkewe alizaliwa kaskazini, kwenye nchi ya maziwa ya Lualaba, akaletwa hapa kwa treni akiwa bibi harusi. Wiki ya kwanza alimwambia mumewe kwamba mji huu una shaba na makelele lakini hauna maji ya kutazama. Aliyasema hayo wiki ya kwanza, na akaendelea kuyasema kwa miaka arobaini. Baba mkwe alisikiliza. Alipostaafu alijipatia mataruma ya zamani, zile mbao nene zinazolaliwa na reli, akayapanga kwa kuvuka kile kibonde chini ya chemchemi, akayaziba kwa udongo wa kichuguu aliousomba kwa toroli kiangazi kizima. Mvua zilipokuja, maji yakapanda. Yakafunika mawe, yakalifunika hata jicho lenyewe la chemchemi, yakatulia. Akamwita mkewe.

"Ziwa yako sikuweza kuileta," alimwambia. "Hii njo niliweza."

Mama mkwe alilia. Kesho yake alikwenda kutafuta bata.

Hayo nilisimuliwa, maana yalitokea kabla yangu. Nilichokikuta mimi ni wazee wawili wanaokaa jioni kwenye benchi kutazama bata kumi na wawili, yeye akiwagombeza bata kwa Kiluba, mumewe akicheka kimyakimya. Maji ya kunywa, ya kupikia, ya kufulia, yote tuliyachota humo bwawani. Kwa nini tusichote? Yalitoka chini ya ardhi.

Mtu mmoja tu hakulipenda bwawa: mama mmoja jirani, mkulima wa mboga, ambaye vitalu vyake vya lengalenga, yaani mchicha, na kabichi viko chini ya kibonde. Tangu ukuta ujengwe, kiangazi alipata maji kidogo tu, yale yanayovuja kati ya mataruma. Alikuja kulalamika mara mbili. Mara ya pili mama mkwe alimjibu vibaya. Baada ya hapo wanawake hao wawili waliimba katika kwaya moja, wamesimama safu moja, bila kusalimiana.

Mwaka ninaousimulia, Oktoba ilikuwa kali. Mijakaranda ilikuwa imekwisha kupuputika barabarani na mvua hazikuonekana. Chemchemi ilipungua, na maji ya bwawa yakawa ya vuguvugu mchana kutwa. Kwanza ukaja utando mwembamba wa kijani pembeni. Baada ya siku chache ukafunika bwawa lote, mzito kama rangi ya kupaka mlango, na upepo ukivuma unausukuma upande mmoja. Ulinuka kama majani mabichi yaliyosahauliwa ndani ya gunia.

"Étang imevaa robe ya fête," alisema mama mkwe, yaani bwawa limevaa gauni la sikukuu, naye akaona ni pazuri.

Tulisukuma utando kwa kitako cha ndoo, tukachota chini yake, tukachuja kwa kitambaa, tukachemsha. Nasema tulichota, na mimi nikiwemo. Mwalimu wa biolojia, na hadubini shuleni, nilisukuma rangi ile kwa mkono wangu na kuwaza mitihani ya wanafunzi.

Baba mkwe akaanza kuumwa tumbo. Alitapika siku mbili, akapona, akaumwa tena. Mapacha walikwenda kuchezea maji ukingoni wakarudi na vipele miguuni, wakajikuna hadi wakalia. Nikadhani ni maembe mabichi, nikadhani ni majani. Mama mkwe akaongeza Salamu Maria kumi zaidi juu ya sufuria.

Jumapili moja asubuhi, kabla ya misa, nilimsikia akipiga kelele. Nilimkuta amekaa chini kwenye udongo na nguo zake za kanisa. Bata watatu walikuwa wamekufa ukingoni, shingo zimenyooshwa chini kama kamba. Wa nne alijaribu kusimama, akayumba, akaanguka, akajaribu tena.

"Balipatia bata yangu sumu," alisema. Hakutaja mtu. Alitazama tu kule chini, kwenye vitalu vya mboga. Kisha akamshika bata mmoja miguu, akainuka.

"Mama, munaenda wapi?"

"Kumuonyesha kazi yake. Mbele ya kwaya yote."

Nilimshika mkono, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada. "Mama, ninabaomba. Munipe siku moja tu. Kesho niende na hii mayi ku masomo, niiangalie."

Alimlaza bata chini tena. "Siku moja," akasema.

Jumatatu nilibeba maji yale hadi shuleni katika chupa ya siagi ya karanga. Shule yetu ina hadubini moja, ambayo skrubu yake imekwama, kwa hiyo lazima uinue kioo kwa kipande cha kadibodi ili uone sawasawa. Niliweka tone. Nilichokiona ni vishada vya vidoadoa, seli ndogo za mviringo zimekumbatiana ndani ya kitu kama ute, mithili ya mayai ya samaki. Nilizifahamu kutoka kwenye mchoro wa kitabu cha zamani. Ni sianobakteria, viumbe wanaokula mwanga wa jua kama mimea, ingawa si mimea. Niliketi. Kisha nikampigia simu profesa aliyenifundisha chuo kikuu, nikamweleza nilichokiona.

Hakuuliza habari za nyumbani. "Kuna wanyama waliokufa?"

"Bata watatu."

"Nyinyi munayakunywa?"

"Tunachemsha," nikasema, na nikasikia mwenyewe namna nilivyolisema neno hilo, kwa majivuno ya mama mkwe.

Profesa akanieleza polepole. Hadubini inaonyesha nani yumo ndani ya maji, haionyeshi kama ana sumu, maana si wote wenye sumu. Lakini bata wamekwisha kujibu swali hilo. Moto unaua vijidudu, ndiyo. Hawa nao unawaua. Ila sumu yao inakaa ndani ya seli, na unapowachemsha wanapasuka na kuimwaga ndani ya sufuria, na sumu yenyewe haiogopi moto. "Mukichemsha, munatengeneza supu yake," alisema. "Muache leo hii. Kunywa, kupika, kuoga, bata, kila kitu."

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilitafuta maneno. Namna gani unamwambia mwanamke wa umri ule kwamba kitu alichokifanya vizuri kuliko wote ndicho kilichomdhuru mumewe? Nilifika hata sikuvua viatu. Sufuria ilikuwa motoni, ikipiga makofi. Niliiepua nikaimwaga nyuma ya jiko, mbele yake.

Nilimweleza yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikaa juu ya kigoda chake, mikono mapajani.

"Kwa hiyo haikuwa ule mama wa mboga."

"Hapana, Mama. Hakuna muntu."

"Ilikuwa miye. Nilikuwa napikia Papa sumu. Na nikisali."

"Mama, hata miye nilichota. Hata miye nilikunywisha batoto."

"Weye ulifuata miye tu." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Baadaye akasema kwa sauti ya ukali kidogo, sauti iliyonipa moyo: "Lakini nataka kubaona."

"Nani?"

"Hao bantu yako ya kijani. Nikibaona, nitakubali."

Basi Jumanne alikuja shuleni. Alivaa liputa la sikukuu, kitenge chake kizuri, na kilemba, kana kwamba anakwenda kumwona askofu. Mkuu wa shule alimletea kiti. Mara ya kwanza alipoinama kwenye hadubini alisema anaona nyasi nyeusi. Zilikuwa kope zake. Mara ya pili aliona povu la hewa, akaniuliza kama ndilo. Nilisogeza kadibodi. Akainama tena. Alikaa ameinama hivyo muda mrefu hata wanafunzi waliokuwa mlangoni wakaacha kucheka.

"Biko bizuri," alisema mwishoni, bila kuinua kichwa. "Ee Mungu, biko bizuri sana. Na njo binaua?"

"Njo binaua."

"Na bilitoka wapi? Mayi inatoka mu majiwe."

Nilimwambia ninavyomwambia darasa langu. Maji ya chini ya ardhi hayatembei peke yake. Mvua ikinyesha inashuka na vyote inavyovikuta: vyoo vyetu vya shimo, samadi ya mashamba, mbolea. Sehemu inachujwa, sehemu inafika na maji hadi kwenye chemchemi. Juu ya hapo, bata nao wanaongeza yao. Maji yakitiririka, yote hayo yanapita. Yakisimama juani wiki nyingi, yakipata joto, ni shamba lililokwisha kutiwa mbolea. Hao wa kijani wapo siku zote, wachache. Wanangoja tu mahali pa kustarehe.

"Yakisimama," alirudia.

"Ndiyo, Mama."

Jioni, mezani, alimsimulia mumewe kila kitu, kope na povu na mayai ya samaki. Alisimulia vizuri kuliko mimi. Lakini alipofika kwenye maji yaliyosimama alisita, akaruka sehemu ile, akaanza kuongea juu ya kilemba cha mkuu wa shule, ambaye hakuwa na kilemba. Baba mkwe aliendelea kumega bukari, ugali wetu. Hakuwa mjinga. Alikuwa ametumia maisha yake kutafuta mahali reli ilipopinda.

"Ni miye nilifunga hii mayi," alisema.

Alfajiri niliamshwa na mlio wa chuma juu ya mbao. Baba mkwe, bado mdhaifu kwa ugonjwa, alikuwa ukutani na mtaimbo, aking'oa taruma la juu. Jasho lilimtiririka. Nilibaki mlangoni, sikujua kama nimzuie au nimsaidie. Mama mkwe alinipita akikimbia, miguu mitupu, kanga moja tu.

"Papa! Acha! Acha sasa hivi!"

"Hii kitu inaua watoto wangu. Naibomoa."

"Ukifungua, inaenda wapi?" Alimshika mkono wenye mtaimbo. "Inaenda wapi, Papa? Inaenda ku mboga ya ule mama! Anamwangiliaka na hii mayi tu. Bantu banakula ile lengalenga mu mji muzima!"

Baba mkwe aliushusha mtaimbo. Wote wawili walitazama chini ya kibonde, ambako jirani alikuwa tayari ameinama na ndoo yake kwenye yale maji yanayovuja. Tangu Jumatatu mimi mwalimu nilikuwa nimewaza watoto wangu, wazee wangu, na bata. Yeye sikuwa nimemkumbuka.

Mama mkwe alishuka kama alivyo, na kanga yake. Niliona kwa mbali jirani akinyooka, mikono kiunoni, tayari kwa vita. Niliona mama mkwe akizungumza, akionyesha bwawa, akionyesha ndoo, akijipiga kifuani. Kisha, kwa kweli, akapiga goti. Jirani akamwinua haraka, maana haifai mtu wa umri ule kukupigia goti. Walirudi pamoja wakipanda. Jirani alikuwa na vipele mikononi hadi kwenye viwiko.

"Tangu wiki tatu," aliniambia, akininyooshea mikono. "Nilidhani ni sabuni."

Jirani huyo ndiye aliyetuletea fundi. Mzee Mwislamu, asili yake Maniema, mchimba visima kama baba yake. Zamani alikuwa amemchimbia jirani kisima, ambacho baadaye kilijaa mchanga. Fundi alizunguka bwawa mara mbili bila kusema. Alikubaliana na profesa, niliyekuwa nimempigia tena, pasipo kumjua: msifungue sasa, mngoje mvua, kijani kife chenyewe na maji yageuke. Kwa siku hizo tulichota kwenye foraji ya parokia, kile kisima kirefu chenye pampu, na bidoni zetu na za jirani, yale madumu ya maji, zilipanda toroli moja. Baba mkwe alizungushia bwawa matawi ya miiba. Bata waliobaki walifungiwa uani, na mama mkwe akawaomba radhi kwa Kiluba.

Mvua zilifika katikati ya Novemba. Kijani kikapauka, kikazama, kikatoweka. Tulingoja bado, wiki kadhaa, hadi maji yakawa na rangi ya chai na hadubini ikawa haionyeshi kitu. Hapo ndipo baba mkwe alipong'oa mataruma, moja kila siku, polepole, na mvua ikayasindikiza maji. Mume wangu alikuja kusaidia Jumamosi mbili. Siku ya taruma la mwisho mzee alikaa juu yake, akakisafisha kwa kidole gumba kijishimo ambamo zamani ulikaa msumari wa reli. Mkewe alimletea chai, akaketi karibu naye juu ya mbao ileile, na sisi tukajifanya tuna kazi mahali pengine.

Jicho la chemchemi likaonekana tena, kati ya mawe, safi. Fundi alichimba nyuma yake, akajenga sanduku la mawe na kokoto, akalifunika kwa udongo mgumu ili mwanga usiingie, akatoa bomba. Alifanya kazi hadi wakati wa sala ya alasiri, akatawadha kwa maji ya kwanza yaliyotoka bombani, akasema ni baridi vizuri. Maji yanayozidi yanashuka bila kusimama hadi kwa jirani, kiangazi na masika.

Nilipeleka chupa kwenye maabara moja mjini. Jibu lilikuwa hili: hakuna wa kijani, ila kuna vijidudu vya tumbo kidogo, kwa sababu ya vyoo vya huko juu. Kwa hiyo maji haya yachemshwe kabla ya kunywa. Nilimsomea mama mkwe karatasi ile. Aliniomba nirudie mstari wa mwisho. Nikarudia. Akainuka, akaosha sufuria yake kubwa ambayo ilikuwa imekaa juu chini tangu Oktoba, na siku nzima hakuna aliyeweza kumvumilia kwa jinsi alivyofurahi.

Vyoo ndivyo tunavyopambana navyo sasa. Mama mkwe na jirani wanapita nyumba kwa nyumba, wote wawili, kuwaambia watu wa juu wasichimbe karibu na kibonde. Wengine wanawasikiliza, wengine wanawaona wazee wasumbufu. Katika kundi la akina mama wa parokia wamempa mama mkwe robo saa baada ya sala, na humo anafundisha habari za maji ya kijani. Anasema kwamba viumbe wale wana macho, jambo ambalo si kweli. Anasema wanalala mchana, nalo si kweli. Lakini anasema usinywe, usichemshe, usioge, usiache bata waingie, na hayo ni kweli yote, na mimi nikiwa nimekaa nyuma na mapacha sijawahi kunyanyua mkono kumsahihisha.

Mwezi uliopita mama mmoja kijana alitufuata kutoka upande mwingine wa barabara, na chupa imefungwa ndani ya kitambaa. Maji ya kidimbwi chao yamebadilika, alisema, na ameambiwa hapa kuna mama anayejua. Nilinyoosha mkono kuipokea. Alinipita, akampa mama mkwe. Mama mkwe aliinua chupa juani, akaitikisa, akasogeza miwani.

"Hii," alisema, "kesho asubuhi tunaipeleka ku masomo. Mama Mapasa ataipangia kadibodi. Miye njo nitaangalia."